Kujifunza Haki Kabla ya Kuvaa Joho



Miaka michache iliyopita, siku ya Jumamosi, tulikuwa tukiwangoja wanafunzi wetu wa Kipaimara kwenye baraza ya parokia. Mmoja hakufika. Wenzake walituambia, huku machozi yakiwalengalenga, kwamba amefungwa. Hakuwa ameiba, wala hakuwa amepigana na mtu. Kaka yake mkubwa ndiye aliyetuhumiwa kuchukua simu ya jirani, naye alikuwa ametoroka. Basi waliomtafuta wakamkosa wakamchukua mdogo wake, mtoto wa miaka kumi na sita, ili mkubwa apate kujitokeza. Tulikwenda huko watu watano: baba yake, mama yake, mzee wa jumuiya, na sisi makatekista wawili. Tulisihi. Tuliapa kwamba mtoto ni mwema. Baba alikopa pesa kwa majirani. Siku ya nne mtoto akatoka, na sote tukamshukuru yule aliyetufungulia mlango kana kwamba ametupa zawadi.

Baadaye mwanasheria mmoja alisikia kisa kile akatuuliza swali lililotutia haya: mbona hakuna hata mmoja wetu aliyeitaja Katiba? Hakuna aliyeitaja kwa sababu hakuna aliyeijua. Kifungu cha 17 cha Katiba ya nchi yetu, ile ya 18 Februari 2006, chasema kwamba dhamana ya kosa la jinai ni ya mtu binafsi: hakuna awezaye kushtakiwa, kukamatwa, kufungwa wala kuhukumiwa kwa tendo la mwingine. Kifungu cha 18 chaagiza kwamba aliyekamatwa aelezwe papo hapo sababu ya kukamatwa kwake, katika lugha anayoielewa, na kwamba kuwekwa kwake kizuizini na polisi kusipite saa 48. Zikiisha, aachiliwe au afikishwe mbele ya mamlaka ya sheria. Na Sheria namba 09/001 ya 10 Januari 2009, inayohusu ulinzi wa mtoto, imempa mtoto anayetuhumiwa hakimu wake wa pekee katika mahakama ya watoto. Watu wazima watano, na wawili kati yetu walimu wenye diploma, tulisimama mbele ya kosa lililo wazi, na badala ya kulipinga tukaliomba huruma.

Tumekikumbuka kisa hicho hivi karibuni, baada ya kijana mmoja wa mwaka wa tatu wa humanite kutujia na swali. Binamu yake, ambaye familia yake ilihamishiwa Marekani kutoka katika kambi ya wakimbizi, amemwambia kwamba huko anasoma haki ya jinai akiwa bado sekondari, na kwamba masomo hayo yanahesabiwa tangu sasa kwa ajili ya chuo kikuu. Kijana wetu aliuliza: na sisi, je, tungoje hadi lini?

Swali hilo lastahili jibu la makini. Kwanza tueleze jambo lenyewe. Katika majimbo mengi ya Marekani, shule ya sekondari hupatana na chuo. Mwanafunzi akasoma somo la chuo akiwa angali katika dawati la sekondari, na akifaulu, somo lile lamhesabia pande mbili: kwa cheti cha sekondari na kwa shahada atakayoitafuta. Somo la utangulizi wa haki ya jinai hueleza kazi ya polisi, ya mahakama na ya magereza, na kwa kawaida hupewa kredi tatu. Faida yake ni kupunguza muda na gharama. Udhaifu wake ni kwamba si kila chuo kikuu kinazipokea kredi za chuo kingine, na mwanafunzi asiyeuliza mapema aweza kujikuta amebeba mzigo usio na mnunuzi.

Kwetu njia imechorwa vingine. Masomo ya sheria huanza chuo kikuu, baada ya mtihani wa Serikali. Vyuo vyetu sasa vinafuata mpango wa LMD: kredi 60 kwa mwaka, 180 kwa lisansi. Anayetaka kusomea sheria hapa Goma aweza kubisha hodi Chuo Kikuu cha Goma, au ULPGL, lakini lazima awe na diploma ya Serikali mkononi. Kabla ya hapo, mwanafunzi wa kawaida hupata saa chache za elimu ya uraia na maadili. Wa tawi la biashara huongezewa somo la sheria, lenye kuelekea zaidi mikataba na mali. Kuhusu kukamatwa, kushtakiwa, ushahidi na hukumu, mambo ambayo kijana wa Goma huyaona barabarani kabla hajamaliza shule ya msingi, shule humwambia machache mno.

Hata hivyo tusiseme kwamba kumfundisha kijana wa sekondari kazi nzito ni jambo geni kwetu. Sisi tulioketi katika tawi la ualimu enzi za Zaire twajua. Tulikuwa na miaka kumi na saba tulipopelekwa kwa mara ya kwanza mbele ya darasa la watoto wadogo kufanya somo la majaribio. Mwalimu wetu aliketi nyuma na daftari. Alihesabu makosa yetu: hapa umemkatiza mtoto, hapa umemuuliza mmoja tu na kuwasahau wengine, hapa umeadhibu kabla ya kuuliza. Mwisho wa miaka ile, aliyefaulu mtihani wa Serikali aliruhusiwa kufundisha shule ya msingi, na hata leo ndivyo ilivyo. Basi nchi yetu imekubali tangu zamani kwamba kijana wa miaka kumi na minane aweza kukabidhiwa akili za watoto hamsini, mradi amefundishwa, amejaribiwa na amesimamiwa. Iwapo tunamwamini kwa hilo, kwa nini tusimwamini kuanza kujifunza jinsi haki inavyotafutwa?

Maoni yetu ni haya: ingefaa shule za sekondari na vyuo vikuu vya mji huu vipatane, ili mwanafunzi wa miaka miwili ya mwisho ya humanite aweze kusoma utangulizi wa haki ya jinai, na akifaulu, kazi yake itambuliwe kwa kredi anapoingia chuo kikuu. Ila kredi zenyewe si sababu ya kwanza. Atakayesoma sheria ili tu amalize upesi, au ili aogopwe mtaani, afadhali asianze.

Sababu ya kwanza ni hii. Miezi kadhaa baada ya yule mtoto kuachiliwa, tulipita sokoni tukakuta kundi la watu limemzunguka kijana anayeshukiwa kuiba. Mliokulia hapa mwajua yanayofuata kwa kawaida: mawe, halafu tairi. Kati ya waliookota mawe tuliwatambua wawili wa wanafunzi wetu, wale wale waliotuletea kwa machozi habari za mwenzao. Aliyemwokoa yule mtuhumiwa hakuwa katekista. Alikuwa mama muuza makala aliyejipenyeza hadi katikati, akasimama na kuuliza kwa sauti: ni nani kati yenu aliyemwona kwa macho yake? Aliuliza mara tatu. Hakuna aliyejibu. Mmoja alisema ameambiwa; mwingine akasema kila mtu anajua. Mawe yakaanza kushuka, moja moja.

Mama yule hakusoma sheria popote, lakini swali lake ndilo mlango wa sheria yote ya jinai. Na kama mtakumbuka, ndilo swali la kijana Danieli katika kisa cha Susana. Umati ulikuwa umekwisha kumhukumu mwanamke asiye na hatia, kwa kuwa mashahidi wawili walikuwa wazee wenye heshima. Kijana mmoja akakataa kuwa sehemu ya damu ile. Hakupiga kelele tu, alitumia njia. Aliwatenganisha mashahidi, akamuuliza kila mmoja peke yake jambo moja dogo: ni chini ya mti gani? Majibu yakapishana, na uongo ukajulikana. Mpaka leo mchunguzi mwema hufanya hivyo hivyo: mashahidi hawasikilizwi pamoja, na ukweli hupimwa kwa mambo madogo. Maandiko yalimpa kazi hiyo kijana, na sisi hatuoni kwamba ni kwa bahati.

Jamani, twasema dawa ya moto ni moto. Lakini kifungu kile kile cha 17 ambacho kingemtoa rafiki yetu kifungoni ndicho kinachosema kwamba kila anayetuhumiwa ahesabiwe hana hatia mpaka kosa lake lithibitishwe kwa hukumu ya mwisho. Huwezi kukidai kwa ajili ya ndugu yako ukamnyima mwizi wa sokoni. Anayejifunza sheria mapema hujifunza jambo hili gumu: kwamba haki yangu na haki ya yule ninayemchukia zimeandikwa kwenye ukurasa mmoja.

Sababu ya pili ni hali ya mji wetu. Gereza la Munzenze lilijengwa kwa ajili ya watu mia chache, likaja kubeba maelfu. Katika magereza ya nchi yetu wengi hukaa muda mrefu bila kuhukumiwa. Wengine hata jalada lao halijulikani liliko. Tarehe 27 Januari 2025, vita vilipoingia mjini, gereza lile likavunjwa. Wanaume kwa maelfu wakatoka. Wanawake zaidi ya mia moja, wengi wao baada ya kubakwa, wakateketea kwa moto pamoja na watoto waliokuwa nao. Tumewaombea, na tutazidi kuwaombea. Lakini sala isiyotuuliza swali haijamalizika: wangapi kati yao walikuwa wamesomewa hukumu? Wangapi walikuwa mle kwa sababu tu karatasi fulani haikutoka ofisi moja kwenda nyingine?

Haki haijengwi na hakimu peke yake. Tukumbuke kesi ya Ntabo Ntaberi Sheka. Ubakaji wa watu wengi uliotendeka katika vijiji vya Walikale ulitukia mwishoni mwa Julai na mwanzoni mwa Agosti 2010. Sheka alijisalimisha 2017. Kesi yake ikaanza hapa Goma Novemba 2018. Akahukumiwa kifungo cha maisha tarehe 23 Novemba 2020. Miaka kumi. Ili siku ile ifike, ilibidi waathirika wakubali kusema, daktari awe ameandika alichokiona, mkalimani atafsiri bila kuongeza wala kupunguza, karani atunze majalada, na mtu awalinde mashahidi njiani. Kila mmoja wa hao alikuwa siku moja mwanafunzi wa sekondari. Kila mmoja angeweza kuwa mzembe au mla rushwa, na kesi ingekufa. Tukiwaza kuhusu haki ya jinai tusiwaze joho tu. Tuwaze pia karani, mlinzi wa gereza, polisi, mhudumu wa jamii. Hizo nazo ni miito, na twazihitaji zishikwe na watu waliofundishwa mapema kwamba mtuhumiwa ni mtu.

Twajua pingamizi zilizopo, nazo si za kudharauliwa.

Wa kwanza husema: sheria ipi, na hakimu yupi? Tangu Januari 2025 mahakama za Serikali mjini hazikuendelea na kazi zake kama zamani. Kumfundisha kijana vifungu, si kumfundisha kuogelea mahali pasipo maji? Jibu letu ni la mwalimu. Tumefundisha kusoma katika vyumba visivyo na vitabu, na waliojifunza humo ndio wanaosoma leo. Siku mlango wa mahakama utakapofunguka kikamilifu, watahitajika watu walio tayari. Nao hawatayarishwi kwa wiki mbili. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huo ufa sisi tunauona kila siku.

Wa pili husema: ujuzi mdogo ni hatari, mtatuzalishia maavoka wa mitaani watakaowadanganya watu na kuwala pesa zao. Hapa twakubali nusu. Ndiyo maana twataka somo lenye mtihani wa kweli, lenye mwalimu aliyesomea sheria na kukubaliwa na chuo kikuu, si hotuba ya Jumapili moja. Na somo la kwanza liwe mipaka: kijana huyu ajue kuandika alichosikia, ajue ni ofisi gani ya kumpeleka mtu, na ajue kusema bila aibu kwamba hapa mimi sijui, twende kwa mwanasheria.

Wa tatu ni mzazi, na tunamsikiliza kuliko wote. Shule ya msingi ya Serikali ni bure tangu Septemba 2019, lakini sekondari bado yalipiwa, na baada ya vita makuta yamekuwa adimu. Kuongeza somo kusiwe kuongeza ada. Kama kredi hizi zitauzwa kwa wenye uwezo tu, tutakuwa tumegeuza haki kuwa bidhaa, na afadhali tubaki tulivyo.

Tena mapatano kati ya shule na chuo yaandikwe, yawekwe sahihi, na wazazi wayasome. Kijana aambiwe tangu siku ya kwanza ni chuo gani kitakachozipokea kredi zake na ni kipi kisichozipokea. Mwalimu anayemwahidi mtoto jambo asilo na hakika nalo ametenda dhuluma katika somo lenyewe la haki.

Na tunaomba mabinti wasisahauliwe. Sheria mbili za 20 Julai 2006 dhidi ya ubakaji na maovu yanayofanana nao zilitungwa kwa sababu ya mateso yao. Ziliagiza uchunguzi wa awali ukamilike ndani ya mwezi mmoja na hukumu itolewe ndani ya miezi mitatu. Zikakataza pia kesi hizo zizimwe kwa faini ya kupatana. Lakini mwajua jinsi mambo yanavyomalizwa katika familia nyingi: mbuzi wawili, kreti ya bia, na binti anaambiwa anyamaze. Binti anayeijua sheria hiyo akiwa na miaka kumi na sita ataweza kusema mbele ya wajomba kwamba mbuzi hawafuti kosa. Na kijana wa kiume anayeijua atasimama upande wake.

Hayo yanahitaji wakubwa wakae na kuamua. Ninyi, je, mngoje? Hapana. Katiba yenyewe, katika kifungu cha 45, imeipa Serikali wajibu wa kuieneza na kuifundisha. Na kifungu cha 142 chataka sheria zienezwe kwa Kifaransa na kwa lugha nne za taifa, na Kiswahili chetu ni mojawapo, ndani ya siku 60 tangu kutangazwa. Wakati tunangoja wajibu huo utimizwe, kundi la Kiro, la Xaveri au la Skauti laweza kuanza na vifungu vitatu tu: 17, 18 na 20, hicho cha mwisho kikisema kwamba vikao vya mahakama ni vya hadhara. Viandikeni kwa Kiswahili chepesi ambacho mama wa sokoni atakielewa. Mwombeni mwanasheria wa tume ya Haki na Amani awasahihishie. Chezeni kisa cha Susana, lakini mnyimeni Danieli majibu, aulize mwenyewe hadi apate. Mahakama zikifanya kazi, nendeni mkaketi nyuma, kimya, mkatazame jinsi mtu anavyosikilizwa au asivyosikilizwa.

Neno moja la tahadhari, nasi twalisema kama wazazi. Kifungu cha Katiba hakizuii risasi. Hatuwatumi kubishana na mwenye bunduki, usiku, peke yenu. Busara ni sehemu ya haki. Mwone mtu mzima, andika jina, saa na mahali, waite wenye kazi hiyo. Karatasi iliyoandikwa vizuri leo yaweza kusimama mahakamani miaka kumi baadaye, kama tulivyoona.

Yule mtoto wa siku nne sasa ni mtu mzima. Tulipomweleza, baadaye sana, kwamba sheria ilikuwa upande wake tangu saa ya kwanza, hakufurahi kama tulivyodhani. Alinyamaza, kisha akauliza: basi kwa nini mlilipa? Tangu siku hiyo tunatafuta jibu lisilo na aibu, na bado hatujalipata. Tungependa kizazi chenu kisiulizwe swali hilo.

Kwa mazungumzo ya kundi:

1. Je, tumewahi kumhukumu mtu kwa sababu tu kila mtu anajua? Tungeuliza swali gani kabla ya kuamini?

2. Katika mtaa wetu, mtu akikamatwa, ni nani anayejua la kufanya? Kama hayupo, ni nani kati yetu yuko tayari kujifunza?

3. Kati ya kazi za haki, yaani polisi, karani, mlinzi wa gereza, mkalimani, wakili na hakimu, ni ipi tunayoidharau, na kwa nini?